Hati ya Baba Mdogo na Jina Lililokatika Kwenye Chati

Alipofariki baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Tukuyu, ukoo ulikutana barazani kwake kuorodhesha mali aliyoiacha. Mvua ya Rungwe ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, na karatasi za marehemu zilitandazwa juu ya mkeka ndani ili zisilowe. Katika bahasha moja ya kaki tulikuta hati ya hisa za Tanzania Tea Packers, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa kifupi chake: TATEPA. Alizinunua mwaka 1999, kampuni hiyo ilipoingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, wakati soko lenyewe lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Chai ilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi, naye alitaka kumiliki kipande cha kitu anachokiona.

Kila ukoo una msomi wake, na katika ukoo wetu balaa hilo limeniangukia mimi. Wakanigeukia. Nikafungua kompyuta mpakato, nikaingia katika programu ya kuchora chati za hisa ambayo nimekuwa nikiitumia kufundishia hapa Mbeya, nikaandika herufi sita: TATEPA. Chati ikajitokeza. Mstari wa bei ulikwenda, ukatulia, kisha ukakatika, na baada ya pale palikuwa na uwanja mweupe.

"Hizi zimekwisha," nikasema, kwa sauti ile ambayo sisi wenye shahada za uzamivu huitumia tunapotaka mjadala ufungwe. "Kampuni haiko tena sokoni."

Mama mdogo aliikunja ile hati, akairudisha ndani ya bahasha. Orodha iliyopelekwa Mahakama ya Mwanzo ilitaja nyumba, shamba la migomba, ng'ombe wawili na akiba ya benki. Hisa hazikutajwa.

Nilikuwa nimekosea. Kampuni ilikuwa sokoni siku ile ile, ila msimbo wake katika orodha ya soko ulikuwa umefupishwa kuwa TTP.

Sikuligundua kosa hilo kwa busara yangu. Lilinijia karibu miaka miwili baadaye, nikiwa Iringa, nilikoalikwa kusikiliza mawasilisho ya tafiti za wanafunzi. Kijana mmoja, mwenye bidii na tai iliyofungwa vizuri, alituonyesha chati ya Kampuni ya Sigara Tanzania, ambayo msimbo wake ni TCC. Kwa mujibu wa chati yake, mwaka 2019 bei ya hisa hiyo ilianguka kutoka maelfu ya shilingi hadi mamia kwa siku moja, kisha ikarudi juu. Alikuwa ameiandikia anguko hilo kurasa nne za maelezo: kodi, afya ya jamii, hofu ya wawekezaji wa kigeni. Maelezo yalikuwa mazuri sana. Tatizo ni kwamba anguko lenyewe halikutokea. Hisa ya sigara ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 17,000. Kilichoingia katikati ya safu yake ni bei za Tanga Cement, ambayo msimbo wake ni TCCL. Herufi moja ilidondoka wakati wa kunakili majedwali, na kompyuta ikaichukua saruji kuwa sigara.

Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha kicheko kikaniganda, kwa kuwa nilikumbuka kwamba Tanga Cement zamani ilikuwa ikiandikwa SIMBA katika orodha za soko. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, nilifungua kanzidata yangu mwenyewe. SIMBA ilikatika, na baada yake ikaanza TCCL isiyo na historia. TWIGA, yaani saruji ya Wazo Hill, nayo ilikatika, na baada yake ikaanza TPCC. Kisha nikaiona TATEPA, na pembeni yake TTP. Programu yangu ilikuwa imeandika misiba mitatu na vizazi vitatu, ilhali hakuna aliyekufa wala aliyezaliwa.

Msomaji wangu asiyehusika na mambo ya hisa anivumilie kidogo, maana utaratibu wenyewe unaeleweka. Programu hizi hupokea kila jioni faili lenye safu za tarehe, msimbo, bei na idadi ya hisa zilizouzwa. Nyingi huutumia ule msimbo kuwa ndio utambulisho wa hisa. Zikikutana na msimbo zisioujua, hazimuulizi mtu: hufungua ukurasa mpya na kuanza kuandika. Zikikutana na msimbo zinaoujua, hata kama umekosewa, humimina bei ndani ya ukurasa uliopo. Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili: kitu kimoja kupewa kurasa mbili, na vitu viwili kusukumwa katika ukurasa mmoja. Baba mdogo alipatwa na la kwanza, yule kijana wa Iringa akapatwa na la pili.

Ukitoka nje ya mipaka yetu, mchanganyiko huzidi. Benki ya Mwalimu, ambayo maelfu ya walimu wa nchi hii waliichangia kutoka katika mishahara yao, ina msimbo MCB katika soko la Dar es Salaam. Benki moja kubwa ya Pakistan nayo inaitwa MCB katika soko la kwao. Mwalimu wa Mafinga anayetafuta herufi hizo tatu katika kanzidata ya kimataifa anaweza kuletewa chati ya Karachi, naye akaondoka akiamini kwamba ameziona fedha zake. Ndugu zake walionunua hisa za benki ya jamii ya Mufindi, MUCOBA, iliyoingia sokoni mwaka 2016, wana afadhali, kwa kuwa jina hilo ni vigumu kulikuta mahali pengine duniani.

Dawa ipo, na si mpya. Kila hisa na kila hatifungani inayouzwa katika soko rasmi hupewa namba ya kimataifa ya utambulisho, ISIN, yenye tarakimu na herufi kumi na mbili. Mbili za mwanzo ni za nchi, na kwetu ni TZ. Tisa zinazofuata ni za dhamana yenyewe. Ya mwisho ni ya ukaguzi, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Chukua namba ya CRDB, TZ1996100305. Herufi hugeuzwa kuwa namba, A ikiwa 10, hivyo T huwa 29 na Z huwa 35. Kisha, ukiiweka kando ile tarakimu ya mwisho, tarakimu nyingine huzidishwa kwa mbili moja baada ya moja kuanzia kulia, zikirukwa za katikati. Zinazozidi tisa hujumlishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha zote hujumlishwa. Hapa jumla ni 55, na ili kufikia makumi kamili inatakiwa 5: ndiyo ile ya mwisho. Sasa mkono wa karani uteleze, 3 na 0 zibadilishane nafasi. Jumla inakuwa 58, tarakimu ya ukaguzi ingepaswa kuwa 2, na namba inajikataa yenyewe kabla haijamdhuru mtu. TCC haina uwezo huo. Ukiongeza L mwishoni unapata kampuni nyingine iliyo hai, na hakuna kengele inayolia.

Hata hivyo ISIN peke yake haitoshi. Hisa ya KCB inauzwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali ikiwa na namba ile ile, lakini kwa bei za sarafu nne. Anayejenga kanzidata kwa ISIN tupu atapata chati inayorukaruka kama mbuzi wa Isimani, akidhani ni biashara kumbe ni sarafu. Lazima aongeze alama ya soko, XDAR kwa Dar es Salaam, XNAI kwa Nairobi. Tena, kampuni zikiungana au kuhamisha makao, namba yenyewe inaweza kubadilishwa. Kwa hiyo msimbo na namba vyote vinahitaji tarehe mbili pembeni: ulianza lini kutumika, ulikoma lini.

Nazungumzia hisa, lakini hali hii tunaishi nayo katika mambo makubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mbeya na watu 2,707,410. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 2,343,754. Mtu anayechora chati kwa kufuata jina ataona zaidi ya watu 360,000 wametoweka, na akiwa mchambuzi mwenye kalamu nyepesi atatuandikia kurasa nne za sababu, kama yule kijana. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2016 Songwe ilimegwa kuwa mkoa. Ndivyo Iringa nayo ilivyopungua mwaka 2012 ilipozaliwa Njombe. Nimewahi kukaa katika kikao cha bajeti ambamo namba za "Mbeya" za kabla na baada ya mgawanyo zililinganishwa bila mtu yeyote kuuliza ni Mbeya ipi, na hoja za kupunguza mgawo zikajengwa juu yake. Nilikuwa mmoja wa waliokaa kimya.

Nilipotoka Iringa niliivunja kanzidata yangu na kuijenga upya. Kazi ilinichukua likizo nzima, sehemu kubwa nikisoma ripoti za zamani za soko, mstari kwa mstari, ili kujua ni siku ipi msimbo mmoja uliacha kuandikwa na mwingine ukaanza. Siku niliyounganisha TATEPA na TTP, mstari uliokatika uliendelea. Haukuwa mstari wa kufurahisha. Ni hisa inayoweza kukaa muda mrefu bila kupata mnunuzi, na mwenye kutafuta utajiri asiende huko. Lakini ilikuwepo.

Nikaenda Tukuyu. Mama mdogo alinikuta kizingitini, akapokea shikamoo yangu, akaniwekea chai kabla sijasema lolote. Nikamweleza kwamba niliwapotosha. Hakugomba. Aliingia ndani na kutoka na ile bahasha ya kaki, ambayo hakuwa ameitupa.

"Baba yenu hakuwa mtu wa kutunza takataka," alisema.

Msimamizi wa mirathi alirudi mahakamani kuomba orodha irekebishwe, na dalali wa hisa aliye Dar es Salaam akatuma fomu za kuzihamishia hisa kwa warithi: cheti cha kifo, barua ya usimamizi, vitambulisho vya Taifa. Kwenye kitambulisho cha marehemu jina la babu liliandikwa kwa herufi moja zaidi kuliko kwenye hati ya hisa ya mwaka 1999. Tumeapa kiapo kwa wakili Mbeya mjini kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na sasa tunasubiri majibu.