Nyumba ya Mama Jambiani, Niliyoijenga Nikiwa Tunduma



Mimi ni mtoto wa Jambiani, lakini ndoa ilinipeleka Tunduma, mpakani na Zambia. Huko kuna baridi, vumbi na foleni ya maroli yanayokwenda Zambia na Kongo. Bahari hakuna. Nilianza na cherehani moja, nikashona madera, leo Alhamdulillah nina duka la vitenge na abaya.

Baba alipofariki, Mama alibaki katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, boriti zake zimeliwa na mchwa. Kwa miaka mingi amelima mwani, magongo yamechoka. Nikaweka nia: nitamjengea nyumba mpya palepale kiwanjani kwetu, nyuma ya minazi, asikie bahari bila ya kuingia majini.

Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na baada ya hapo kuna boti. Siwezi kwenda kila wiki. Kwa hiyo kaka yangu alisimamia, mimi nikatuma pesa, naye akanitumia picha kila Ijumaa. Nilikuwa nazitazama usiku nikishafunga duka, nazikuza mpaka naona alama za mwiko.

Ijumaa moja nikaona lundo la mchanga pembeni ya ukuta, na ndani yake vipande vyeupe vya makombe. Nikapiga simu.

"Kaka, mchanga huo umetoka wapi?"

"Hapo pwani tu, mdogo wangu. Nakupunguzia gharama."

Alikuwa na nia njema. Lakini mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi inavuta unyevu, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na zege linapasuka kutoka ndani. Plasta nayo inabanduka. Tofali mia mbili zilikuwa zimeshafyatuliwa. Tukazitoa, tukajengea banda la kuku, tukanunua mchanga wa shimo wenye kibali. Roho iliniuma kwa pesa ile, lakini nilijiona hodari: nipo mbali na nimeliona kosa.

Kumbe kosa kubwa halikuwa la mchanga.

Nilipokwenda kuangalia kuta, mdogo wangu wa kike alinikuta nimesimama kwenye kitakachokuwa chumba cha Mama. Akaniuliza taratibu, "Dada, hii nyumba ya nani?"

"Ya Mama."

"Na kiwanja?"

Nikanyamaza. Kiwanja kilikuwa cha Baba, na mirathi hatukuwa tumegawa. Kila mmoja aliona haya kulitaja, tusionekane tuna tamaa. Mimi nilikuwa nimemwaga msingi juu ya haki ya mdogo wangu, huku nikihesabu thawabu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimwambia fundi asimamishe kazi. Kaka alikasirika, akasema tunawapa watu cha kusema. Mama ndiye aliyekata maneno: "Mie sitaki kulala juu ya haki ya mwanangu."

Tukenda kwa sheikh anayejua mirathi. Kwa kuwa wazazi wa Baba walishatangulia, hesabu haikuwa ngumu. Mama, thumuni moja. Kilichobaki, mafungu manne: kaka mawili, sisi dada wawili moja moja. Katika mafungu 32 ya kiwanja kizima, Mama ana 4, kaka 14, mimi 7 na mdogo wangu 7. Kaka akachukua upande wa barabarani. Mdogo wangu hakutaka kuhama alipoolewa, akaridhia kuniuzia fungu lake. Nilimlipa kwa awamu tatu. Tukaandika, mashahidi wakatia saini, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, deni la muda liandikwe. Aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nami nilikuwa naisoma kila Ramadhani bila ya kujiuliza inanihusu vipi.

Pesa ya bati ndiyo iliyolipa fungu lile. Nyumba ilikaa mwaka mzima bila ya paa, kuta zikanyeshewa masika yote, na watu wakasema nimefilisika. Lakini mdogo wangu alikuwa anakuja jioni na uji, anakaa na Mama kwenye baraza isiyo na paa.

Sasa imeezekwa. Madirisha mawili bado yana mbao tu, InshaAllah yatafuata.

Bi harusi unayesoma hapa, pengine nawe unatuma pesa kujenga kwenu, au kwenye kiwanja cha wakwe. Mali yako ni yako, dini imekupa. Basi kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, uliza ardhi ni ya nani, na jibu liandikwe. Usione haya. Mimi haya ilinigharimu mwaka mmoja, na ingeweza kunigharimu ndugu.