Moyo wa Mgonjwa wa Saratani



Wapendwa, juma hili nilimpelekea Komunyo mama mmoja mwenye saratani. Mshipa wa moyo wake umeziba. Madaktari wanataka kuuzibua na kuingiza kijibomba cha kuushikilia wazi. Kisha atahitaji dawa za kuzuia damu kuganda, ilhali tiba ya kemikali imekwisha kupunguza chembe zinazogandisha damu.

“Padre, nikikataa ni dhambi?”

Niliona haya. Wanawe waliponiuliza, “Moyo watengenezwa wa nini, na saratani ipo?” nilinyamaza.

Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba hatulazimiki kutumia njia zinazoelemea kupita kiasi. Lakini uzito huo aupime kwanza mgonjwa, si sisi tuliochoka kumuuguza.

“Si dhambi, mama. Wala kukubali si ubinafsi.”

Akalia. Alitaka kuishi.

Tumwombee.