Goma kuna baridi, lakini mashini zinachemka

Watu wengi wa Goma husema kompyuta haiwezi kuchemka katika mji huu. Mji uko juu, karibu mita 1.500, na upepo wa Ziwa Kivu unapuliza. Lakini baridi hiyo inadanganya. Mahali palipoinuka hivyo hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Feni inazunguka vilevile, ila hewa inayopita inabeba joto kidogo.

Halafu kuna vumbi. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, na mawe yake meusi leo yako kwenye kuta, viwanja na barabara. Pikipiki na chukudu zinayasaga kila siku. Wakati wa kiangazi unga wake unaingia kwenye matundu ya mashini na kuziba njia ya hewa.

Jambo hili linawagusa sana waliohama. Mwanzoni mwa 2025, kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipobaki tupu, familia ziliondoka na vile walivyoweza kubeba. Kuna mama ambaye buletini za watoto wake ziliharibika na mvua chini ya shitingi. Nakala pekee iliyobaki iko ndani ya kompyuta ya sekretaria alikowahi kuziskani. Mashini ile ikifa, mtoto atamwonyesha nini prefe wa shule mpya?

Kijana mwenye sekretaria hana haja ya kukisia kwa kugusa na mkono. Programu za bure kama Core Temp au HWMonitor zinaonyesha joto kwenye Windows. Kwenye Linux kuna lm-sensors. Kompyuta ikiwa kazini, digri 60 hadi 80 ni kawaida kwa nyingi. Ikipita 90 na kubaki pale, ni alama ya hatari. Karibu na 100, nyingi hujipunguza mwendo, na joto likizidi hujizima ghafla, kazi ambayo haijahifadhiwa ikipotea. Joto la kila siku linachosha betri pia. Ikivimba, isitumiwe tena wala isitobolewe.

Dawa yake si ya bei. Mashini iwekwe juu ya meza au ubao, si juu ya godoro wala blanketi. Ikizimwa na kutolewa kwenye umeme, vumbi litolewe kwa brashi laini. Anayepuliza kwa pampu azuie feni kwa kijiti isizunguke. Ikiwa ya miaka mingi na bado inachemka, fundi abadilishe ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo juu ya prosesa, kwani hukauka.

Na kabla ya yote, yule mama aombe nakala yake kwenye flashi na nyingine kwenye simu ya ndugu. Feni safi inarefusha maisha ya mashini, lakini buletini za watoto zisibaki mahali pamoja tu.