Kitu Kilichoanguka Nyuma ya Vilima



Wengi wenu mlisikia muhula uliopita habari ya chombo kisichojulikana kilichoanguka nyuma ya vilima vya mawe, upande wa magharibi wa shule yetu. Habari ile ilitoka bwenini ikafika sokoni Maganzo, na wazazi wengine waliwapigia walimu simu kuuliza kama watoto wao wako salama. Kila mtu aliieleza kwa namna yake. Mimi nimemwomba Mhariri nafasi niieleze kwa mara ya mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyeianzisha.

Ilikuwa usiku wa Jumatano, yapata saa tatu. Umeme ulikuwa umekatika, nasi tulikuwa tumeambiwa tuache kujisomea turudi bwenini. Nilipita bombani kuchota maji ya kunawa. Mbalamwezi haikuwapo. Ye yote aijuaye Songwa anajua kwamba nchi yetu ni tambarare, na usiku kama ule macho hayaoni ila taa za mgodi wa Mwadui upande mmoja na giza upande mwingine. Ghafla nilikiona kivuli changu chini mbele yangu. Nikainua kichwa, nikaona mwanga wa kijani ukipita angani, mkubwa kuliko nyota yo yote, ukiacha mkia nyuma yake. Ulikwenda kimya, ukashuka nyuma ya vilima, ukazimika. Nadhani haukuchukua hata muda wa kuhesabu moja mpaka tano.

Hiyo ndiyo kweli yote niliyo nayo. Ingalikuwa vema kama ningaliishia hapo.

Nilikimbia bwenini nikaacha ndoo bombani. Wenzangu waliponisikia walisema, "Ni kimondo tu," na mmoja akanicheka kwa kuikimbia ndoo yangu. Sasa lazima niseme jambo ambalo ni aibu kwangu. Kwa miaka minne katika shule hii sikuwa mtu wa kusikilizwa. Mimi si mchezaji wa mpira, si kiranja, wala si wa kwanza darasani. Usiku ule, kwa dakika chache, bweni zima lilinigeukia gizani. Nilipoona wanaanza kujifunika shuka walale, nikasema, "Lakini nilisikia kishindo, papo hapo. Na moshi ukapanda nyuma ya kilima."

Kishindo hakikuwapo. Moshi sikuuona.

Asubuhi yake nilisikia wengine wakisema kwamba wao pia walisikia kishindo, na kwamba vitanda vilitikisika. Mchana chombo kilikuwa na umbo la sahani. Jioni kilikuwa na maiti mbili ndani, za viumbe wasio na masikio. Nilipojaribu kusema kwamba labda mambo hayakuwa makubwa kiasi hicho, kijana mmoja alinijibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Wengine walikuwa wanafikiria fedha. Sisi tunaoishi karibu na Mwadui tumekua tukisikia jinsi Dakta John Williamson alivyogundua almasi hapa mwaka 1940, basi ni rahisi kwetu kuamini kwamba kila kitu kigeni kina bei. Walisema kipande kimoja cha chombo kile kingeweza kumtajirisha mtu.

Siku ya Ijumaa Mwalimu wetu wa fizikia aliniuliza mbele ya darasa, "Kishindo ulikisikia muda gani baada ya mwanga kuzimika?"

"Papo hapo, Mwalimu."

Akaandika ubaoni kwamba sauti husafiri hewani mita kama 340 kwa sekunde, yaani hutumia karibu sekunde tatu kwa kila kilometa. "Vilima vile viko kilometa nne kutoka hapa," akasema. "Kishindo kingefika baada ya sekunde kumi na mbili hivi. Kama kilifika papo hapo, basi kitu hicho kimeanguka jikoni kwetu." Darasa likacheka sana. Yeye hakucheka. Aliniangalia, akauliza, "Unataka kusahihisha neno lako?"

Nikajibu, "Labda nilikosea muda, Mwalimu."

Katika bweni letu yupo kijana wa kidato cha pili ambaye hulala kitanda cha chini yangu. Huniita kaka, nami humsaidia hesabu. Usiku ule wa Ijumaa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, moshi uliuona kweli?" Nikamwambia, "Niliuona."

Jumamosi, baada ya usafi, yeye na wenzake wanne walipenya ua wakaenda vilimani bila ruhusa. Saa kumi jioni mmoja wao alirudi mbio, miguu yake imechanwa na miiba, akasema mwenzao ametumbukia katika shimo la zamani lililoachwa wazi na wachimbaji na kufunikwa na majani. Walimu wawili na sisi wanafunzi wakubwa sita tulikwenda na kamba. Tulimtoa akiwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti. Tulimbeba kwa blanketi tulilofunga katika miti miwili. Mimi nilishika upande wa kichwa. Njiani alinitazama akasema, "Kaka, tulikuwa tumekaribia. Tungekwenda kidogo tu, tungekiona." Sikuwa na neno la kumjibu.

Usiku ule, baada ya gari kumpeleka hospitali, nilibisha hodi nyumbani kwa Mkuu wa Shule nikamweleza yote. Adhabu niliyopewa sitaieleza hapa, ilinistahili. Kesho yake baba yake yule kijana alifika kwa baiskeli kutoka kijijini kwao. Ni mkulima wa pamba, mtu wa makamo. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba." Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyesababisha.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wewe, moshi uliuona?"

"Sikuuona, baba."

"Na kishindo?"

"Hakikuwapo."

"Basi kamwambie yeye," akasema. "Mimi hukunidanganya."

Nilikwenda hospitali pamoja naye. Nilipomwambia mwanawe, aligeuza uso wake ukutani, na siku tatu hakutaka kusema nami. Hiyo ilikuwa nzito kuliko adhabu ya shule.

Mwalimu wa fizikia naye aliniita. Akasema, "Umeeneza habari bila kuichunguza. Sasa utachunguza bila kueneza habari." Aliniagiza niwaulize watu wote waliodai kuona au kusikia, mmoja mmoja, mahali pa faragha, na kuandika maneno yao kabla hawajasikia ya wengine. Nilifanya kazi hiyo wiki mbili. Wanafunzi thelathini na mmoja walisema wamesikia kishindo. Nilimwuliza kila mmoja, "Ulimwambia nani kuhusu kishindo kabla ya kusikia maneno yangu?" Hakupatikana hata mmoja. Walioona mwanga kwa macho yao walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alisimama mahali alipokuwa usiku ule na kuonyesha kwa kidole ulikozama, nasi tukapima kwa dira. Wote walionyesha magharibi. Halafu Mwalimu alimpigia simu rafiki yake anayefundisha Geita, mbali sana kutoka hapa, upande huo huo wa magharibi. Naye aliuona mwanga ule usiku ule, na kwake pia ulizama magharibi.

Hapo ndipo nilipofahamu. Kama kitu hicho kilikuwa bado kinakwenda magharibi kilipopita Geita, hakikuweza kuanguka nyuma ya vilima vyetu. Kilikuwa kimondo, kikiungua juu sana, makumi ya kilometa kutoka ardhini. Kitu kilicho juu na mbali namna ile huonekana kama kimeshuka nyuma ya mti au kilima kilicho karibu, kama jua linavyoonekana kuzama nyuma ya nyumba ya jirani.

Mwalimu hakutaka nidhani kwamba hakuna kitu kiangukacho kamwe. Alinifundisha habari za vitu vilivyoanguka kweli. Malampaka, katika wilaya ya Maswa, si mbali nasi, kilianguka kimondo mwaka 1930, jiwe lisilofika nusu kilo. Mbozi, katika mkoa wa Songwe, kuna kimondo cha tani kama 16. Hakuna mtu aliyesalia kusimulia kilivyoanguka, lakini kilipopimwa kilionekana kuwa karibu sehemu tisa katika kumi ni chuma, na nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Chuma chenyewe kinatoa ushahidi.

Habari iliyonigusa zaidi ni ya kijiji cha Mukuku, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya. Tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka huko kutoka angani. Hicho kilikuwa kitu cha kutisha kweli, kuliko mwanga wangu. Wakuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya walifika pamoja na wakuu wa mahali pale, wakazuia watu wasikaribie, wakakichukua kikachunguzwe. Ndipo walipotangaza: upana wake ni mita kama 2.5, uzito wake kilo kama 500, na kwa uchunguzi wa mwanzo kinaonekana kuwa pete itenganishayo sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi duniani au huangushwa mahali pasipo na watu, kama baharini. Hawakusema ni cha nani, kwa kuwa walikuwa hawajajua. Baadaye ilienea habari kwamba ni cha India, na kwamba Kenya imekwisha kudai fidia; shirika likakanusha. Upo mkataba wa mataifa wa mwaka 1972 usemao kwamba nchi iliyorusha chombo hulipa madhara yake ardhini. Lakini huwezi kumdai mtu kwa kishindo ulichokitunga.

Kinyume chake ni habari ya Roswell kule Marekani. Mwaka 1947 mfugaji alikuta takataka za ajabu shambani. Jeshi lilitangaza kwamba limepata sahani irukayo, kisha likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga lilieleza kwamba takataka zile zilitoka katika maputo ya kazi ya siri ya kusikiliza majaribio ya mabomu ya atomiki ya Warusi. Kwa kuwa neno la kwanza lilitolewa kwa haraka na la pili halikuwa kweli yote, mpaka leo wapo watu wengi wasioliamini la tatu. Niliposoma hayo nilijiona mimi mwenyewe.

Mwisho wa uchunguzi wetu tulikwenda vilimani, safari hii kwa ruhusa, Mwalimu akiwa mbele. Tulizunguka asubuhi nzima kati ya mawe na migunga. Hatukukuta majani yaliyoungua, wala shimo jipya, wala kipande cha chuma. Tulimkuta mzee mchungaji amekaa chini ya mti. "Mwangaluka, babu," tukamwamkia, naye akaitikia. Kumbe usiku ule alilala pale pale na ng'ombe wake. Mwanga aliuona. Nikamwuliza kuhusu kishindo.

"Kishindo gani, mjukuu wangu?" akasema. "Ng'ombe hawa wakisikia hata fisi husimama wote. Usiku ule hawakuinuka."

Niliandika maneno yake mwisho wa daftari langu. Kisha tulikwenda kwenye lile shimo tukalizungushia miti na miiba, kazi iliyotuchukua mpaka alasiri, ili mtu mwingine asitumbukie.

Yule kijana amerudi shuleni muhula huu. Anatembea bila fimbo, ila hawezi kukimbia bado. Wiki iliyopita nilimsomea habari hii kabla ya kuipeleka kwa Mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mwanga, kaka? Huo uliuona?"

Nikamwambia mwanga niliuona. Akasema nisiufute.

Wenzangu, hasa ninyi mnaobaki baada yetu sisi wa kidato cha nne kuondoka, siwaambii mwache kutazama angani. Tazameni, nanyi mkiona jambo la ajabu, semeni. Lakini semeni mlichokiona, mwishie pale macho yenu yalipoishia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kilometa nne, na aliyeanguka mwisho wake hakuwa mimi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne