Ufa Niliouficha Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi. Nilificha kishindo.

Ilikuwa usiku wa mvua, nikitoka kazini na gari letu dogo, Toyota Corolla kuukuu ambayo baba watoto huitunza kama yai. Karibu na mtaa wetu gurudumu la mbele, upande wa kushoto, lilitumbukia shimoni, puu! Shimo lilikuwa limejaa maji na sikuliona. Nilishuka, nikamulika kwa simu. Tairi lilikuwa zima na rimu inang'aa vile vile. Nikamshukuru Mungu, nikaingia nyumbani na sikumwambia mtu.

Wiki iliyofuata gurudumu lilo hilo likaanza kupungua upepo. Kila asubuhi mume wangu alilikuta limenywea. Alilaumu misumari, akalaumu watoto wa jirani, mwishowe akalilaumu tairi lenyewe. Mara mbili alilipeleka kwa kijana wa pancha, na mara mbili kijana akasema haoni tobo. Basi ukawa ndio mtindo: kujaza upepo asubuhi, kwenda kazini, na kesho yake tena. Mimi kimya.

Shule zilipofungwa tulipanga kuwapeleka watoto kwa nyanya yao, Kitui. Jioni ya kuamkia safari tulipitia kwa fundi mmoja mzee wa jua kali. Alilifungua gurudumu, akalijaza upepo, akalilaza chini na kulimwagia maji ya sabuni. Mapovu yakaanza kutoka, si kwenye mpira, bali kwenye rimu, upande wa ndani usioonekana gurudumu likiwa garini. Alipofuta, tuliona ufa mwembamba kama unywele, urefu wa pingili ya kidole.

"Hii imegonga mahali," akasema mzee. "Nani alikuwa akiendesha?"

Mume wangu alinigeukia. Hapo ndipo nilipoeleza yote.

Hakufoka. Aliniuliza tu, "Na kesho ungewapakia watoto humu?"

Swali hilo lilinichoma kuliko matusi.

Mzee alitueleza kwamba rimu za chuma cha kawaida zikigonga shimo aghalabu hupinda. Zetu ni za aloi, yaani alumini iliyochanganywa na madini mengine, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni nyepesi na za kupendeza, lakini zikipata pigo kali huweza kupasuka. Nao ufa hautulii. Kila gurudumu linapozunguka, uzito wa gari huuvuta, unaongezeka kidogo kidogo, hadi siku upepo unapotoka ghafla gari likiwa mbioni.

Kijana wa kulehemu alikuwa akisikiliza. "Mama, hiyo naichomea, naipiga rangi, hata wewe mwenyewe hutaijua. Elfu moja na mia tano tu."

Mume wangu akaniangalia. "Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Huo ni ufa wa nyumba," mzee akajibu. "Moto wa kulehemu hudhoofisha alumini iliyo kando ya kiungo. Utaziba hapa, ipasuke pale. Na ufa ukiwa kwenye mikono ya rimu au karibu na mashimo ya nati, usithubutu kabisa. Badilisha."

Alitufungia gurudumu la akiba, tukarudi nyumbani polepole. Safari ikaahirishwa, watoto wakalia.

Jumamosi tulikwenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta rimu iliyotumika. Mzee alikuwa ametuonya tusichague kwa macho tu: kipenyo kiwe inchi 15 kama ya zamani, upana uwe ule ule, na mashimo manne ya nati yawe kwenye duara la milimita 100. Tena tugeuze kila rimu tutazame ndani. Ya kwanza ilikuwa imepinda. Ya pili ilikuwa nzuri ajabu, lakini ndani ilikuwa na rangi mpya nyeusi. Nilipitisha ukucha, nikahisi mstari ulioinuka. Ilikuwa imelehemiwa! Ya tatu ilikuwa nzima, tukailipia Sh6,000. Mzee alizikaza nati kwa kukatiza, moja kisha iliyo mkabala nayo, akatuambia tuzikaze tena baada ya kilomita 80 hivi.

Kabla hatujaondoka, mtu mmoja alitaka kuinunua ile mbovu kwa Sh800. Siwezi kusema uongo, pesa hizo nilizitamani. Ndipo nikakumbuka ile rangi nyeusi. Kuna aliyeiuza vile vile, akijua, na aliyeipaka rangi, akijua, na nusura sisi tuwapakie watoto wetu juu yake.

Nikamwomba mzee atie msumeno, aikate ukingo asije mtu akaifunga tena garini. Leo imetundikwa kwenye ua, tumeizungushia mpira wa maji. Kila ninapomwagilia sukuma wiki, ule ufa unanitazama.

Msomaji mpendwa, ukigonga shimo, sema siku hiyo hiyo. Gurudumu litafunguliwa na kukaguliwa ndani, na pengine utasemwa kidogo. Kusemwa hakuui.