Kisugu: Kupanda Kilima Pamoja na Mbwa

Katika malango mengi ya Kampala, hasa kule juu Muyenga, yameandikwa maneno mawili: "Mbwa kali". Mwalimu wa sarufi angechukua wino mwekundu papo hapo na kuandika "mbwa mkali", lakini ujumbe haupotei kwa kosa hilo, na hata Waganda wasiosema Kiswahili nyumbani kwao huufahamu vema. Mbwa wa mji huu ni askari wa usiku. Mchana hufungiwa kibandani au hufungwa mnyororo, jioni hupewa posho iliyochanganywa na mukene, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, na giza likiingia hufunguliwa auzunguke ua. Wazo la kumchukua mnyama huyo alfajiri na kwenda naye kilimani kwa matembezi huwachekesha wengi. Hata hivyo mwendo wa kutoka Kisugu mpaka kilele cha Muyenga, ingawa ni mfupi, humwonyesha mtu mambo ya mji huu ambayo hayaonekani kutoka ndani ya teksi.

Kisugu iko kusini-mashariki ya katikati ya jiji, katika tarafa ya Makindye. Upande wake wa chini ni Namuwongo na reli iendayo Port Bell, na ng'ambo ya reli ni bonde la Nakivubo, ambamo maji machafu ya jiji hupita kuelekea ziwani. Upande wa juu ni Muyenga. Hiyo ndiyo sura ya Buganda yote: vilima vyenye vilele bapa, vilivyofunikwa na tabaka gumu la mawe mekundu yenye chuma, na katikati yao mabonde ya matope na mafunjo. Mvua ya miaka isiyohesabika imeyachimba mabonde, na lile tabaka gumu limevikinga vilele. Ziwa liko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kololo, mojawapo ya vilima virefu vya Kampala, hupita kidogo tu meta 1,300. Kwa hiyo mtu asithubutu kuuita mwendo huu upandaji wa mlima mbele ya Mkonjo wa Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina meta 5,109. Lakini mteremko ni mkali, na pumzi humkatika binadamu na mbwa vilevile.

Saa ifaayo ni ile ya mapambazuko. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema huku akitoa ulimi nje, na jasho lake kidogo liko katika nyayo. Ifikapo saa tano lami imeshapata moto. Anayetaka kujua kama mbwa wake ataumia na auweke mgongo wa mkono wake juu ya barabara kwa muda wa kuhesabu mpaka saba. Asipoweza kuvumilia yeye, asimlazimishe mwenziwe asiye na viatu. Maji na bakuli jepesi huchukuliwa mfukoni.

Sehemu ngumu ya safari hii si kilima. Ni ile ya chini, yenye watu. Vichochoro vya Kisugu huamka mapema: wauza chapati zenye mayai, ziitwazo "rolex", wamekwisha washa majiko yao, pikipiki za boda boda zinapita, na watoto wenye sare za shule wanatembea katika makundi. Hapo kamba ya mbwa hufupishwa, na mbwa huwekwa upande wa ukuta, si upande wa watu. Mtembezi husalimu kwanza, "Wasuze otya, nnyabo", naye huitikiwa, kisha lazima mtoto mmoja aulize kwa Kiganda, "Eruma?", yaani, huyo huuma? Jibu la busara si kucheka. Jibu la busara ni kusimama mpaka watoto wapite. Tena wako Waislamu waendao kazini au watokao sala ya alfajiri, maana msikiti wa Kibuli hauko mbali, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi yenye kuoshwa mara saba. Kumwachia mbwa anuse kanzu ya mtu ni utovu wa adabu, hata kama mbwa mwenyewe ana nia njema.

Hofu ya mtoto yule si ujinga. Kichaa cha mbwa kingalipo Uganda kama kilivyo katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka, walio wengi katika Asia na Afrika, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wa kushukiwa, 4 ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili zikisha kuanza, karibu hapana aponaye. Lakini kabla ya hapo dawa ipo, nayo si mpya: Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza huko Ufaransa mwaka 1885. Aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha huenda hospitali siku ileile kupata sindano, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Kwa upande wa mbwa, chanjo huanza akiwa na umri wa miezi 3 na hurudiwa kwa kufuata maagizo ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mwenye mbwa asiye na cheti cha chanjo hana ruhusa ya kimoyo ya kupita katika vichochoro vile, hata kamba yake iwe fupi namna gani.

Kadiri njia ipandavyo, watu hupungua na kuta hurefuka. Hapo mambo hugeuka: sasa ni mbwa wa ndani ya malango wanaombwekea mgeni, lango moja likikabidhi kelele kwa jingine, na mbwa wa Kisugu, aliyekuwa akiogopwa robo saa iliyopita, hutia mkia katikati ya miguu. Si haba kuyaona hayo.

Juu kabisa yako matangi makubwa ya maji, ambayo yamekipa kilima jina lake la Kiingereza, Tank Hill. Maji husukumwa kutoka mitambo ya Ggaba, ufukoni mwa ziwa, yakapanda mpaka hapa, kisha yakashuka yenyewe kwenye mifereji ya nyumba. Kusini-mashariki ziwa lang'aa. Kaskazini waonekana mnara wa Kibuli, na nyuma yake Nakasero na Kololo. Mahali kama hapa mbwa hulala chini kivulini bila kuamriwa.

Wasemao kwamba kutembea na mbwa vilimani ni mambo ya Wazungu wamesahau upesi. Jina la Kampala lenyewe hutokana na kilima cha swala, na wawindaji wa Buganda hawakuwafuata wanyama bila mbwa. Mpaka leo mbwa ni mwiko wa mojawapo ya koo za Waganda, wa Ukoo wa Mbwa, na Mganda humwita "embwa", jina ambalo Mswahili halihitaji mkalimani.

Aliyeonja kilima hutamani mlima, lakini huko mbwa hawezi kufuatana naye. Ruwenzori na Bwindi zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na Elgon mwaka 1993, na ndani ya hifadhi mnyama wa kufugwa haruhusiwi. Sababu si ukali wa maofisa. Mwaka 1994, katika Serengeti, ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwaingia simba, ukawaua wapatao 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko. Wachunguzi waliona kwamba chanzo chake ni mbwa wa vijiji vya jirani. Hivyo vilima vya mjini na njia za mashambani ndivyo vilivyobaki kwa mbwa na mwenyewe.

Kushuka kwataka uangalifu, kwa maana changarawe nyekundu huteleza. Nyumbani mbwa hukaguliwa masikioni, kwapani na katikati ya vidole, ambako kupe wa majani hupenda kujificha. Kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa polepole moja kwa moja bila kupindwa wala kuchomwa kwa moto, na mahali pale hupakwa dawa ya kuua vijidudu.