Upepo wa Mbisho Pwani ya Tanga

Ukisimama ufukoni Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, utaona ngalawa ikienda upande mmoja, ikigeuka, kisha ikigeuka tena kama iliyopotea. Haikupotea. Inabisha.

Neno mbisho sote tunalisoma katika Injili ya Mathayo, sura ya 14, lakini sisi tuliotoka bara twachelewa kulielewa. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kule utokako upepo. Kikielekezwa huko, tanga hupigapiga na chombo husimama. Basi nahodha huenda mshazari, halafu hulihamishia tanga upande wa pili na kwenda mshazari tena.

Je, anaweza kuukaribia upepo kiasi gani? Tandika leso ya mraba, ukingo wake mmoja uelekee upepo. Kunja pembe yake katikati: mkunjo huo ndio njia ya mashua nyingi za kisasa za matanga. Ngalawa zetu huhitaji nafasi zaidi, yapata theluthi mbili za pembe hiyo. Kwa kipimo hicho, safari ya kilomita 10 huwa kilomita 20, na mkondo wa maji waweza kuirefusha zaidi.

Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na atokaye Pangani kuja Tanga hubisha. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, yeye husukumwa, na abishaye ni atokaye Moa.

Kwetu wauguzi hili si jambo la mabaharia peke yao. Jamaa huutazama mji ng'ambo ya maji na kusema, "Ni hapo tu." Lakini mama anayetokwa damu hahesabiwi umbali wa macho, huhesabiwa saa.

Kwa hiyo, mama mwenzetu unayeishi kisiwani au mbali na barabara, muulize nahodha mapema: mwezi wa kujifungua utakuwa wa upepo gani? Ukiwa wa mbisho, sogea kwa ndugu walio karibu na hospitali majuma kadhaa kabla. Nanyi akina mama wa kijiji, changeni akiba ya mafuta ya mashua yenye injini, maana hiyo haizungushwi na upepo. Akiba hiyo iwekwe kabla uchungu haujaanza.